Theluthi ya Soko ni ya Punda

Jumatatu, 3 Februari

Nitakiri hapa jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Bibi, ambaye nalala naye chumba kimoja. Naogopa simu. Si giza, si mende. Simu. Na kazi niliyopewa ni kupiga simu.

Nipo kwenye ofisi ya takwimu, kitengo cha umiliki wa hisa, ghorofa ya tatu, meza iliyo nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa sionekani. Niliichagua mwenyewe. Kila mwaka kitengo hiki hupima jambo moja: kampuni zilizo kwenye soko la hisa la nchi hii ni za nani hasa? Tunachukua daftari la wanahisa la kila kampuni na kumweka kila mwenye hisa kwenye kundi lake. Watu binafsi. Mifuko ya pensheni. Bima. Serikali. Wageni wa nje. Mashirika ya hisani. Ni kama kupanga vijiko na uma kwenye droo.

Tatizo ni mawakala. Wakala ni benki inayoshika hisa kwa jina lake, lakini mwenyewe hasa ni mwingine, yuko nyuma. Ukitaka kumjua huyo wa nyuma, sharti umpigie wakala simu na kumwuliza. Fungu langu lina mawakala thelathini, wale wakubwa. Kwa jumla wameshika karibu theluthi ya soko zima. Mpaka leo nimempigia simu nani? Hakuna. Mbele ya kila jina nimeandika "hakupokea." Si uongo. Simu isiyopigwa haipokelewi.

Fungu la pili analo Redio. Ndivyo anavyoitwa na ofisi nzima, na anafurahia. Tulianza siku moja. Anapiga simu kama mtu anayetafuna karanga. Leo nimemsikia akimwambia mtu wa benki kwamba sauti yake ni ya kikohozi, anywe maji ya moto na alale mapema. Hawajawahi kuonana! Mimi ananiita Kimya.

Nafasi ya kudumu ni moja. Ijumaa ya wiki ijayo mkuu wetu atambakiza mmoja. Nikikosa, naenda kwenye duka la Mjomba la magodoro, kusimama mlangoni na kipaza sauti, kuita wapita njia. Mjomba ameshakinunua. Chekundu.

Jumanne, 4 Februari

Mpango. Barua pepe! Kwa nini sikufikiri mapema? Nimeandika moja na kuituma kwa mawakala wote. Nimeandika kwa adabu. Nilianza na salamu, nikaulizia afya zao na za wafanyakazi wenzao, nikaomba radhi kwa kuwasumbua, kisha nikaomba radhi kwa urefu wa kuomba radhi. Swali lenyewe liko ukurasa wa tatu.

Majibu mawili kufikia jioni. Wa kwanza ameshukuru kwa salamu na kusema nao hawajambo. Wa pili ameuliza kama ninauza bima.

Redio alipita, akachungulia, akasema wee Kimya, mbona wajitesa, si uinue tu mkono wa simu, haung'ati. Akasema nikipenda nimpe namba, atanipigia yeye. Nikamwambia asante, niko vizuri. Ujanja wa kitoto! Anataka aonekane anafanya kazi ya watu wawili. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu yuko meza ya pili.

Jumatano, 5 Februari

Leo nilikusudia kuwa jasiri. Nilisubiri saa ya chakula, ofisi ikawa tupu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: sisi tukila, nao wanakula, simu italia kwenye chumba kitupu, nami nitakuwa nimepiga. Kumbe ipo benki ambako hawali. Mwanamume akapokea, akataja jina la benki. Ndilo hasa nililokuwa nalitafuta. Nikamwambia samahani, nimekosea namba.

Nikanywa maji. Mara simu ya mezani kwangu ikalia yenyewe. Ikalia mpaka nikahofia watu watarudi kutoka kula. Nikainua.

Ni mzee mmoja. Wakala wake alimpelekea barua yangu kwa sababu hakuelewa inahusu nini. Mzee ameisoma yote, hadi ukurasa wa tatu, na anasema tangu mkewe afariki hajapata barua yenye adabu kama ile. Ana makazi ya punda wazee. Punda waliochoka kubeba mizigo hupelekwa kwake kupumzika. Zamani tajiri mmoja aliwaachia punda hao hisa chache katika wosia, na benki ndiyo inayozishika. Kisha akanieleza habari za punda mmoja mmoja. Yupo anayeitwa Waziri, kwa sababu hafanyi kazi na hataki kuondoka. Kazi yangu ilikuwa kusema "naam." Nilisema vizuri sana.

Wakala mmoja amepatikana! Kundi: mashirika ya hisani. Nimefuta "hakupokea" na kuandika kwa kalamu nzito.

Alhamisi, 6 Februari

Mkuu wetu ametukusanya. Nyuma ya mgongo wake anaitwa Mama Desimali, kwa sababu hata ukimwambia umechelewa dakika tano atauliza tano nukta ngapi. Leo alitueleza la kufanya na mawakala watakaokosekana kabisa. Kila mwaka wapo wachache. Hawaachwi hivihivi, kompyuta huwagawa kwa uwiano wa wale waliopatikana katika fungu hilohilo. Akasema mpishi hanywi sufuria nzima ili ajue chumvi. Huonja kijiko.

Nikaduwaa. Kijiko! Mimi ninacho kijiko!

Kwa hiyo sina haja ya kupiga simu tena maishani. Nimemwingiza mzee wa punda kwenye kompyuta. Waliobaki wote nimewaandika "hawapatikani." Nikabonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo na haikulalamika. Nimemaliza kabla ya Redio, ambaye bado anabembeleza mtu wa benki ambaye sasa, nasikia, kikohozi chake kimepungua.

Jioni Mama Desimali amesema mbele ya watu kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama. Redio akapiga makofi. Kwa uchungu, nadhani.

Ijumaa, 7 Februari

Jedwali limetoka. Mama Desimali alilitazama bila kupepesa. Nami nililitazama, kwa upande wa nyuma wa karatasi. Linasema mashirika ya hisani yanamiliki asilimia thelathini na moja nukta nne ya kampuni zote za soko. Mwaka jana ilikuwa sifuri nukta tatu. Mwaka mmoja tu, na wema umekua kiasi hicho!

Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ndiyo. Nilitaka kuongeza maelezo, nikaongeza ndiyo ya pili.

Akasema atakwenda nalo nyumbani. Hakuna mtu aliyewahi kwenda na kazi yangu nyumbani.

Jumapili, 9 Februari

Mjomba alikuja kula, yeye na kipaza sauti chake. Ni kile cha kurekodi: unasema mara moja, unabonyeza, kinarudia mpaka chaji iishe. Alikijaribu sebuleni. Magodoro! Magodoro ya Mjomba! Mbona walala kama umefungwa? Bibi akamwambia akizime, wafu watafufuka wakidhani ni kiama. Mjomba akasema hiyo si kelele, mama, ni biashara, na wiki moja kuanzia kesho sauti itakuwa ya mpwa wake huyu hapa.

Nikajitetea. Nikasema mimi ni mtu wa takwimu na nimegundua jambo. Bibi akataka kulijua. Siku ya kwanza kazini niliapa kutunza siri, lakini Bibi si mtu wa nje. Nikawaambia kwamba karibu theluthi ya kampuni za nchi hii ni za hisani.

Bibi akaweka kijiko chini. Akasema kama wenye mali ni wema kiasi hicho, mbona bei ya sabuni haijapata habari? Haya, mke mwenzangu, hao wema ni akina nani?

Nikasema kwa sasa ni punda.

Mjomba akasema hapo ndipo anapoielewa benki yake. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. Alipopata pumzi akanikumbusha kwamba fadhila za punda ni mateke. Nikasema punda hawa wamestaafu.

Jumatatu, 10 Februari

Teke la kwanza.

Mama Desimali amerudi na jedwali. Anataka majina ya mashirika hayo ya hisani, yote, kufikia Jumatano mchana, kwa sababu Alhamisi Mkurugenzi anasoma takwimu zetu mbele ya waandishi wa habari. Akasema, kwa upole uliozidi ukali, kwamba Mkurugenzi akisimama na tarakimu kama hii kisha ikaonekana si kweli, kitengo chetu kitafungwa, na yeye amebakiza muda mfupi tu kustaafu. Akavua miwani. Akaniuliza kama nina jambo la kumwambia.

Nikamwambia viatu vyake ni vizuri.

Basi ni lazima mawakala waliobaki waulizwe. Nimekaa mezani, nimeushika mkono wa simu, nimeufuta vumbi, nimeurudisha. Ndipo likanijia. Sauti ni lazima iwe yangu. Lakini si lazima iwe yangu wakati uleule!

Nimeazima kipaza sauti cha Mjomba. Hajui.

Jumanne, 11 Februari

Siku mbaya. Naiandika kwa mpangilio ili isinichanganye.

Nilifika kabla ya wafagiaji. Nikajifungia kwenye stoo ya karatasi na simu yenye waya mrefu, na kipaza sauti ndani ya mfuko wangu wa shule. Swali nilishalirekodi nyumbani, chini ya shuka, kwa sauti yangu nzuri kabisa: habari za kazi, tunaomba kujua ni nani aliye nyuma ya hisa mnazozishika. Nikasubiri benki zifunguliwe. Nikapiga. Mama mmoja akapokea. Nikaelekeza kipaza sauti kwenye simu, nikabonyeza.

Kilichotoka kwanza ni kama panya anayesali. Ni mimi. Halafu, kwa kuwa kumbe sikufuta ya zamani, akatoka Mjomba. MAGODORO! MAGODORO YA MJOMBA! MBONA WALALA KAMA UMEFUNGWA?

Yule mama akauliza futi tano kwa sita ni bei gani.

Nikabonyeza kuzima. Sauti ikapanda. Nikatafuta betri niitoe, imefungiwa ndani. Nikakifunika kwa koti. Nikakikalia. Mjomba akaendelea chini yangu.

Kufikia hapo ghorofa nzima ilikuwa imeshafika kazini. Nikasikia viatu. Nikamsikia mhasibu akiuliza ni nani kahamishia gulio humu. Mlango ukasukumwa. Redio! Akaniona nimemkalia Mjomba. Akaufunga upesi, akapaza sauti huko nje kwamba ni gari la matangazo limesimama chini, jamani njooni dirisha hili muone. Wote wakamfuata. Halafu akarudi peke yake, akabonyeza kitufe kidogo cha pembeni ambacho sikuwa nimekiona.

Kimya.

Akakaa juu ya boksi la karatasi. Akauliza, ni simu, sio? Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza hujapiga hata moja? Nikatikisa tena. Akasema maskini, mwenzangu, mbona husemi? Yeye anaogopa lifti. Kila siku anapanda ngazi hadi huku juu, jasho linamtoka, kwani sijaona? Sikuwa nimeona. Nilidhani anapita ngazini ili asalimiane na watu wengi zaidi.

Akanyoosha mkono. Akasema lete majina hayo.

Sikuwa na nguvu ya kumshuku. Nitamshuku kesho.

Jumatano, 12 Februari

Redio amepiga simu zangu zote, jana na leo asubuhi, kwenye meza yangu, mlango ukiwa wazi ili tusionekane. Mimi niliandika. Mifuko ya pensheni. Wageni wa nje. Bima. Watu binafsi. Wageni tena. Kila mara nilitegemea angalau mbuzi. Hakuna. Benki moja iliuliza kama ofisi yetu bado inauza magodoro. Redio akasema mzigo umekwisha, dada, labda mwezi ujao.

Jedwali jipya: hisani, sifuri nukta tatu. Nikalipeleka kwa Mama Desimali, nikaliweka mezani, nikaanza kuondoka kinyumenyume. Akaniita. Akafungua droo akanionyesha jedwali la kwanza. Halikuwahi kufika kwa Mkurugenzi. Alijua tangu Ijumaa. Alimpigia mzee wa punda yeye mwenyewe, wakaongea sana, na habari za Waziri anazo. Siku zote hizi alikuwa akinisubiri mimi nifungue mdomo.

Akasema, mwanangu, kijiko kimoja kinatosha kama mchuzi umekorogwa. Wewe ulionja mfuniko.

Nimemwelewa kabisa. Naandika hapa ili nisisahau kamwe: koroga kwanza.

Ijumaa, 14 Februari

Nafasi amepata Redio.

Nililia kidogo kwenye stoo. Redio akaja kunibembeleza, akalia kwa sauti kuliko mimi, maana hata kulia ananizidi. Mama Desimali amenishika mkono na kusema nirudi mwakani, nikishampigia simu mtu mmoja, yeyote. Nimemwahidi. Nitamthibitishia kwa barua.

Wakati wa kuagana Redio alinipa namba yake kwenye kipande cha karatasi. Akasema nikimkumbuka nimpigie.

Hata dakika ya mwisho hawezi kuacha kunichokoza.

Jumatano, 19 Februari

Dukani si kubaya. Kipaza sauti kinajisemea chenyewe kwa sauti ya Mjomba. Mimi nakishika tu. Watu wanaitazama rangi nyekundu, hawanitazami mimi.

Mjomba amesafiri kwenda kumwona rafiki yake mgonjwa, atarudi Ijumaa. Kaniachia duka. Kaniagiza niwapigie watu wa kiwandani simu, niagize mzigo wa kawaida, mchanganyiko, ukubwa wote. Alilisema hilo neno "wapigie" kama mtu anayesema "fagia."

Lakini kwa nini tuagize kwa kubahatisha, kila ukubwa kidogokidogo? Mimi nimesomea kupima! Swali ni moja: mtaa huu unalalia nini? Watu wa mtaa ni wengi, na wengi wao wanaongea. Basi nikamkumbuka mpishi. Nikavuka barabara hadi kwa fundi saa, ambaye ni mpole na hamtazami mtu usoni kwa sababu ya ile lenzi yake. Akasema ni mseja, analalia kitanda cha futi tatu, hajawahi kuhitaji kikubwa zaidi. Hapo msichana mwingine angeridhika. Mimi nilikoroga kwanza. Nilimwuliza swali lilelile kwa namna tatu tofauti. Majibu yamelingana. Asilimia mia moja nukta sifuri.

Nimewaandikia kiwandani barua pepe. Na safari hii agizo nimeliweka mstari wa kwanza, salamu zikafuata nyuma. Mtu hujifunza. Wamejibu ndani ya saa moja, kwa adabu: magodoro mia mbili, yote ya futi tatu, yanafika Ijumaa asubuhi.

Mchana wameingia wachumba wawili wakitaka futi tano kwa sita. Baadaye mama na mumewe, wanataka hilohilo. Kisha wengine. Wote nimewaandika "hawapatikani."

Sasa wewe, uliyesoma mpaka hapa. Kiapo changu cha ofisini sikukitunza vizuri, najua, lakini wewe huna Bibi wa kumweleza. Usimwambie Mjomba kabla ya Ijumaa. Na kama namba yake unayo, nakuomba sana, usimpigie. Hata mimi simpigii.